Kipimo cha Bibi

Bibi yangu alipima hewa kwa kidole cha shahada.

Mwenyewe hakujua kwamba anapima kitu. Alichokijua ni mahindi ya kuloweka. Yakishakobolewa mashineni aliyaloweka siku tatu kwenye pipa la bluu, akayaosha hadi maji yakaacha kunuka, kisha akayaanika kwenye mkeka mbele ya nyumba, upande wa barabara, kwa sababu huko ndiko jua lilikofika mapema. Saa saba aliyapindua kwa kiganja. Jioni, kabla ya kuanua, alididimiza kidole katikati ya mkeka, akakitazama, akakiweka ulimini. Kikiwa cheupe na hakina mchanga alisema "Haya," na kesho yake mahindi yalikwenda kusagwa. Unga ulitoka mweupe mpaka unaumiza macho, na ugali wake ulikuwa na uchachu wa mbali ambao sijauonja tena, ingawa nimeutafuta sana Dar es Salaam, hadi kwa akina mama wa sokoni Tandale.

Tangu tulipomzika, kidole hicho kimekataa kunitoka kichwani.

Nyumba yake iko kando ya barabara inayotoka Kitai kwenda Lituhi, mkoani Ruvuma, ile inayoshuka kuelekea Ziwa Nyasa. Sikukulia pale. Nilikuwa mjukuu wa likizo, wa kuletwa Juni na kurudishwa Julai nimenenepa. Kwa hiyo ninayoyakumbuka ni ya kiangazi na baridi yake: ukungu wa alfajiri, moshi wa kuni ukitambaa chini ya paa la nyasi, na ng'ambo ya barabara ngolo za maharage zilizokwisha kuvunwa. Bibi alikuwa Mmatengo kwa kuzaliwa na kwa jembe. Aliposhuka kutoka milimani kumfuata babu, alishuka na kilimo chake cha ngolo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba miraba, zikafunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba, hadi mteremko mzima ukawa na vishimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni, hayateremki na rutuba. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya karne moja, kwenye miinuko ambayo mgeni angeiogopa hata kuipanda kwa miguu. Shimo, kwa bibi, lilikuwa kitu cha kuzuia udongo usiondoke nyumbani.

Mwaka 2011, katika bonde la Ngaka, likaanza shimo la aina nyingine.

Makaa ya mawe ya huko yalijulikana tangu enzi za ukoloni. Wapimaji wa miamba walilitembea bonde la Ruhuhu miaka ya 1930, wakaandika, wakaondoka, umbali uliyalinda. Kabla ya hapo yalikuwa yamelala zaidi ya miaka milioni 250. Ni mabaki ya msitu wa mti ambao haupo tena duniani, wenye majani marefu ya umbo la ulimi, kiasi kwamba wataalamu walipoupa jina walichukua neno la Kigiriki la ulimi. Mti huo uliota kwenye kinamasi, ukavuta hewa ya wakati wake, ukaanguka, ukazikwa kabla haujaoza. Makaa ni hewa ya zamani iliyogandishwa kuwa jiwe. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nililipenda, kama mtu anavyopenda kitu kilicho mbali naye.

Mwanzoni lori lilikuwa tukio. Watoto walilikimbilia na kulihesabu magurudumu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipata kazi ya utingo, baadaye akakabidhiwa usukani, na fedha zake za kwanza za maana zikamvua bibi paa la nyasi na kumvika mabati. Hili nalitaka lieleweke mapema, kabla sijaanza kulalamika. Bati lile linalong'aa lilitoka kwenye mfuko mmoja na vumbi lililokuja kulifunika. Pale Kitai kuna akina mama lishe waliosomesha watoto kwa wali na maharage ya madereva. Nikiwa kwenye kibanda chao sithubutu kutamka neno "uchafuzi" kwa sauti.

Mwaka 2016 Serikali ilizuia makaa ya mawe ya nje, viwanda vya saruji vikaelekezwa kwa ya ndani, na malori yakawa misafara. Kisha ikaja 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza, Ulaya ikaanza kutafuta makaa yasiyotoka Urusi, bei ikapaa, na ghafla mzigo wa Ngaka ukaonekana unalipa hata ukisafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 600, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, hadi melini Mtwara.

"Hayo makaa," bibi aliniuliza siku moja, "yanakwenda kumpikia nani?"

Kwake makaa yalikuwa ya jikoni. Kiswahili kimeyapa majina yanayogusana: mkaa wa gunia, kaa la moto, makaa ya mawe, mtu asiyeyajua ya tatu atayafikiria kwa yale mawili. Yeye alipikia kuni maisha yake yote, na kila siku yalimpita makaa ya kupikia mji mzima. Nilimweleza habari za tanuri za saruji, zinazotaka moto wa nyuzi 1,450 ili chokaa na udongo viive kuwa kitu kimoja. Nilimweleza kwamba nyumba ninayopanga Dar ni ya saruji. Akacheka. "Basi yanakupikia wewe, mume wangu." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu wake, na utani ule ulinikaa kooni kuliko alivyokusudia.

Sasa nirudi kwenye mkeka.

Kiangazi cha kwanza cha misafara, kidole cha bibi kilitoka na kivuli cha kijivu. Hakusema neno. Kesho yake mkeka ulihamia nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, ambako jua hufika saa nne. Mahindi yakachukua siku mbili kukauka badala ya moja. Mwaka uliofuata, nyuma nako kukawa si salama, akamwomba kijana wa jirani apande kuyaanika juu ya bati. Juu ya bati upepo hauna kizuizi. Yakarudi chini na doa. Akayaingiza barazani, yakavunda. Barazani hakuna jua. Kila hatua ilikuwa ndogo, ya mita chache, na kila hatua niliambiwa kwenye simu kama habari ya kawaida ya nyumbani, katikati ya habari za kuku na michango ya kanisa. Sikuwahi kuziunganisha. Kama mtu angechora ramani ya mkeka ule, kutoka ukingo wa barabara hadi chumbani, angekuwa amechora jinsi mtu mmoja alivyosukumwa arudi nyuma ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

Nilikwenda kumwona nikamkuta anasonga ugali wa unga wa dukani, wa kwenye mfuko wenye picha ya hindi. Niliutazama ule mfuko. Yeye akanitazama mimi.

"Mzuri tu," alisema. "Hauna kazi."

Hapo ndipo ningepaswa kulia. Badala yake niliusifu ugali.

Baada ya mazishi nilianza kutafuta namba. Nadhani ni ugonjwa wa watu tuliosoma: tukifiwa tunafungua kompyuta. Nilitaka kujua hewa ya barabara ile ilikuwaje kabla ya 2011 na ikawaje baadaye, nipunguze ya kwanza kwenye ya pili, nipate kilichopotea. Nikagundua kwamba hesabu haiwezi kuanza, kwa sababu namba ya kwanza haipo. Ni nani angesimamisha mashine ya kupima hewa mbele ya nyumba ya bibi mwaka 2005, pakiwa na ukungu na mbuzi tu? Kitu kikiwa safi hakimwiti mpimaji. Anaitwa kikishachafuka, na akifika anakuta tayari kila mtu ameizoea hali mpya, hata miti imebadilika rangi na watoto waliozaliwa hapo wanadhani ndiyo rangi ya miti. Sheria tunazo: ile ya Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007, ambazo zilikuwapo kabla lori la kwanza halijapita. Kiwango kinasema hewa isizidi kiasi gani. Hakisemi ilikuwa kiasi gani siku bibi alipokuwa bado anaanika barabarani.

Wa London waliipata "kabla" yao mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe wa majumbani na viwandani ulituama juu ya jiji siku tano, upepo ukiwa umekufa. Kwenye maonyesho ya mifugo ng'ombe walikufa wakihema. Watu walikufa vitandani, kimya, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu yake iliyoandikwa vizuri: moyo, kifua, uzee. Inasimuliwa kwamba walioshtuka mapema walikuwa wenye majeneza na wauza maua, maana bidhaa ziliwaishia. Kisha makarani wakalinganisha vitabu vya vifo vya wiki ile na vya miaka iliyotangulia, ziada ikatoka yenyewe kama 4,000. Watafiti wa baadaye wameifikisha kwenye 12,000 hivi. Miaka minne baada ya moshi ule Bunge lao likapitisha sheria ya hewa safi. Jambo linalonigusa katika kisa hiki ni fundi wa majeneza. Alikuwa na kipimo bila kujua, kama bibi. Tofauti ni kwamba karani aliyekuwa na vitabu alikuwa karibu.

Na kule Afrika Kusini, jimbo la Mpumalanga, kuna mji unaoitwa eMalahleni, yaani kwenye makaa. Eneo lile lilitangazwa mwaka 2007 kuwa la kushughulikiwa kwanza kwa uchafu wa hewa yake, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba hewa ile inavunja haki ya kikatiba ya wakazi. Sisi nasi tuliwahi. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa jalala la Kunduchi Mtongani na moshi wake, na Mahakama Kuu ikaiona haki yao ya kuishi imeguswa. Watu 795 na jalala moja, mahali pamoja panapoonekana kwa macho. Barabara ya malori haina mahali. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 600, kila nyumba ina vumbi lake, na lori lililokutimulia asubuhi jioni liko Tunduru. Mtwara mjini watu walilalamika kuhusu vumbi la makaa bandarini, na ukaja mpango wa kujenga bandari ya mizigo ya aina hiyo Kisiwa-Mgao, nje ya mji. Bandari unaweza kuihamisha. Sijui utaihamishia wapi Namtumbo.

Nimesema vumbi kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili angalau, na hapa kidole cha bibi kinafikia mwisho wake.

Kuna lile linaloonekana. Linatoka machimboni mwamba unapopasuliwa kwa baruti, linatoka kijiko kinapomwaga kwenye tela, linatoka turubai linapofungwa nusu au lisipofungwa kabisa, na zaidi ya yote linatoka barabarani kwenyewe, pale punje zilizodondoka zinapotwangwa na magurudumu ya lori la nyuma, na la nyuma yake, hadi zikawa poda. Boza la maji likipita mara mbili kwa siku linalituliza, lisipopita, halitulii. Hili ndilo lililokaa kwenye mahindi, kwenye majani ya kisamvu, kwenye kahawa za jirani zilizoanikwa kichanjani. Linaudhi, linachafua, linakereketa koo. Lakini punje zake nyingi ni nene, pua na kamasi hukamata sehemu kubwa.

La pili halikai kwenye kidole. Ni chembe za mikromita 2.5 na kushuka chini. Unywele mmoja wa bibi ulikuwa na unene wa chembe kama 30 za namna hiyo zilizopangwa mstari. Zinatoka kwenye moshi wa dizeli, zinatoka kwenye makaa yakiungua, na makaa hayangoji kiberiti kila mara. Ukiyarundika marefu na kuyaacha yapigwe na hewa huanza kujipasha yenyewe ndani kwa ndani, na rundo lisilotunzwa linaweza kufuka moshi bila mtu kuliwasha. Chembe hizi hupita puani, hupita koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na baadhi huvuka kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa mwaka, kutoka mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5. Dunia nzima haina mahali pengi panapofikia hapo.

Jiko la bibi halikupafikia siku hata moja. Lazima niseme hivyo, ingawa sentensi hii inaniharibia shauri. Kuni zina chembe zilezile. Alipuliza moto kwa mdomo tangu akiwa binti, ndani ya chumba chenye dirisha la ukubwa wa daftari. Alipoanza kukohoa bila kupona, zahanatini waliuliza swali moja: bibi anapikia nini? Kuni. Wakaandika. Lilikuwa swali sahihi. Hakuna aliyeuliza kama nyumba iko barabarani, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na mkoba wake sikulitaja, kwa sababu sikuwa na ushahidi wowote isipokuwa mkeka uliohamahama.

Kwa hiyo simshtaki mtu. Sijui ni pumzi ngapi zilichukuliwa na kuni, ngapi na uzee, ngapi na barabara. Makampuni yenye malori barabarani ni mengi na malori yote yanafanana yakishafunikwa na rangi ileile. Huzuni ya namna hii ni ngumu kuibeba kwa sababu haina mpini. Mtu akigongwa na lori unajua namba ya lori. Mtu akichakaa polepole kando ya malori elfu, unabaki na huzuni iliyoenea, nyembamba, inayokaa juu ya kila kitu, na ukipitisha kidole inatoka.

Wachimbaji wa Kiwira walipimwa, angalau. Mgodi ule wa chini ya ardhi, upande wa Mbeya, ulijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1980, na mtafiti Simon Mamuya wa Muhimbili pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya vifaa walivyowavika wafanyakazi ili kupima vumbi wanalolivuta. Waliokula zaidi walikuwa wale wa kufungua njia mpya mwambani, na walichovuta kilikuwa na mchanga wa kwatzi pamoja na makaa, ule unaokwaruza pafu na kuliachia kovu. Nilipousoma utafiti huo niliwaonea wivu, jambo la aibu kulikiri. Kuna mtu aliyekuja na kifaa akauliza: wewe unavuta kiasi gani?

Miezi yake ya mwisho bibi alilala amekaa, mgongo ukutani, mito mitatu ikimshikilia. Kulala chali kulimzamisha. Usiku nilimsikia akihema kwa kuhesabu: moja ndefu, mbili fupi, kimya, kisha ndefu tena, na ule ukimya wa katikati ndio ulioniweka macho. Malori nayo yalipita usiku. Lori zito likiwa mbali husikika kama kifua cha mtu, na kuna nyakati sikuweza kusema ni kipi nakisikia.

Siku moja alfajiri, kwenye kiangazi cha 2023, ukimya wa katikati haukuisha.

"Amepumzika," shangazi aliniambia, na kwa saa nzima kila aliyeingia alilirudia neno hilo. Kiswahili kimelitoa neno la kupumzika kwenye pumzi. Aliyechoka hukaa chini apate pumzi, ndiyo maana ya kupumzika tangu mwanzo. Na sisi tunalitumia kwa mtu siku ile pumzi inapomwisha kabisa. Nimelisikia neno hili misibani maisha yangu yote bila kulisikia. Fundi alipouliza aandike nini msalabani, kaka yangu akajibu haraka, kama tunavyojibu wote: Pumzika kwa Amani. Nikataka kumzuia. Nikakosa la kuweka mahali pake. Pengine lugha ilikuwa na busara kuliko mimi. Pengine ndicho hasa tulichokuwa tunamwombea, ile pumzi moja ndefu isiyofuatiwa na mbili fupi.

Jeneza lilifunikwa kitambaa cheupe cha parokia chenye msalaba mwekundu. Kutoka nyumbani hadi makaburini ni lazima kuvuka barabara. Akina mama walitangulia wakiimba, wabebaji wakafuata, na msafara wa malori matano, uliokuwa unatoka machimboni, ukasimama. Nililiona kwa macho yangu na sitaki lisahaulike. Dereva wa mbele alizima injini. Wa nyuma yake wakazima. Utingo mmoja alishuka, akavua kofia, akasimama kando ya tairi lililomzidi urefu, akainamisha kichwa kwa ajili ya bibi asiyemjua. Alikuwa kijana mdogo, na nyusi zake zilikuwa nyeusi kuliko ngozi yake. Huenda mama yake naye yuko kando ya barabara mahali fulani.

Malori yalisimama. Vumbi halikusimama, lilikuwa limeshatangulia, likatufikia katikati ya barabara, likapita juu yetu bila haraka. Tulipofika kaburini katekista aliinama akakipangusa kitambaa kwa kiganja kabla ya sala, kwa namna ya mtu anayefanya hivyo kila mara, na kiganja akakifutia kwenye kanzu, ubavuni, mahali ambapo palikuwa na doa la viganja vya siku nyingine.

Padri alitukumbusha juu ya Jumatano ya Majivu na mavumbi tuliyoumbwa kwayo. Ni maneno ya faraja na nimeyapokea tangu utotoni. Siku ile nilijikuta nabishana nayo kimoyomoyo. Vumbi la mtu ni la kwake, la shamba lake, la mababu zake. Hili lililokuwa linatua kwenye mabega yetu lilikuwa la msitu usiokuwa na mtu yeyote wa kuujua, na lilikuwa safarini.

Arobaini ilipofika nilirudi. Mvua zilikuwa hazijaanza. Nilimkuta shangazi uani, sketi kaipandisha magotini, anakanyagakanyaga kitu kizito kwenye beseni kubwa kama mtu anayefua blanketi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Njoo ushike ncha ile."

Lilikuwa turubai. Alilinunua Kitai kwa utingo, kipande cha turubai kuukuu la lori, limechanika pembeni na halifai tena kufunika mzigo. Alitaka kulikata vipande viwili: kimoja cha kuanikia, kingine cha kufunika juu kwa vijiti, kama hema, jua liingie kwa ubavuni na vumbi lipite juu. Alikuwa ameshaloweka debe moja la mahindi, la kujaribia. Mamaye alimwachia pipa la bluu.

Tulilikamua, yeye huku na mimi kule, tukilisokota hadi mikono ikauma. Maji ya kwanza yalikuwa meusi kama wino. Ya pili vilevile. Ya tatu yalianza kuonyesha kitako cha beseni. Aliyamwaga kwenye shina la mpapai, akachota mengine, akarudi kulikanyaga, na kila baada ya muda alichovya kidole, akakitazama, akakifuta kwenye kanga, akaendelea.